Madame wa Chimie na Maji Yake

Nianze na aibu yangu, maana yeye mwenyewe angetaka nianze hapo. Katika mtihani mmoja wa chimie, yaani kemia, nilipata alama nne juu ya ishirini, na Madame akanirudishia karatasi mbele ya darasa zima. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa fundi umeme mwenye mke, watoto na kitambi cha kutosha, alikuwa bado ananiita kwa alama hizo kwa Kifaransa, Quatre-sur-vingt. Aliniita hivyo juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu, akaniita hivyo mlangoni mwa kanisa, na siku moja akaniita hivyo mbele ya mteja niliyekuwa nikimhakikishia kwamba kazi yangu ni ya kuaminika. Mteja aliuliza maana ya jina hilo, na Madame akamweleza kwa ukamilifu.

Jina lake yeye silitaji. Katika mtaa wetu mjini Kolwezi, Katanga, hakuna anayelitumia. Yeye ni Madame, na anayetaka kumtofautisha na walimu wengine wa kike husema Madame wa Chimie, basi. Isitoshe yuko hai, macho yake leo ni mazima kuliko yangu, na karatasi hii ikimfikia ataisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wiki hizi niko Lubudi kwa kazi ya kuweka nyaya, nalala katika chumba cha kupanga karibu na reli, na huku mbali ndiko nilikogundua jinsi nilivyozoea kusahihishwa. Namkumbuka kuliko nilivyotarajia, ndiyo maana naandika.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukiona sebuleni kwake ni akwariamu, hodhi la kioo lenye urefu wa meza ya chakula, limekaa mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Mgeni husogea, akainama, akatafuta samaki. Samaki wapo, wadogo wenye milia, kumi na wawili hivi, lakini wanapotea katikati ya majani: majani marefu kama utepe, majani mapana yaliyoshikilia mawe kwa mizizi, na katikati yungiyungi alilolichimbua mwenyewe katika dimbwi moja huku huku Lubudi, enzi mume wake akiwa hai. Aliyeuliza mbona samaki ni wachache alijibiwa kwamba samaki ni wapangaji tu, wenye nyumba ni majani. Aliyeuliza kama samaki wale wanaliwa alikaribishwa chai kama wengine, ila alipewa kikombe kilichovunjika mshikio. Kikombe hicho kilikuwa na kazi hiyo tu, na mimi nilikinywea mara mbili.

Mji wetu ni mji wa kutoa. Kila mtu anatazama chini akifikiria kilichomo kinachoweza kutolewa. Kampuni zinatoa madini kwa mashine, vijana wa Musonoi wanatoa kwa chepe na mitaimbo, na kule Kingamyambo wanatoa tena kutoka katika masalio ya kile kilichokwisha kutolewa. Vumbi la malori linaingia hadi kwenye sukari. Katikati ya hayo yote Madame alikuwa na kipande chake cha udongo chenye ukubwa wa meza, na shughuli yake ilikuwa kukitilia. Aliwahi kuniambia kwamba kutia ni kazi ngumu kuliko kutoa, kwa sababu anayetoa huacha pale anapokuta patupu, lakini anayetia hana wa kumwambia lini aache.

Kujua lini uache, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake. Majani ya majini yanahitaji mwanga, chakula na muda, na mwani, ule utelezi wa kijani unaopaka kioo na kuning'inia kwenye majani kama nywele, unahitaji vitu vile vile. Kwa hiyo hakukubali uitwe adui. Alisema mwani ni mgeni asiyealikwa anayekula kilichobaki mezani. Ukipika cha watu kumi na walaji ni watatu, usishangae kuona panya. Mjini walikuwepo watu wawili watatu waliomwiga wakanunua mahodhi yao, na maji yakigeuka kijani walikuja mbio kuomba dawa. Dawa hawakupewa. Waliulizwa taa inawaka saa ngapi, samaki wanalishwa mara ngapi, majani ni mangapi na wametia nini. Kisha waliambiwa wabadilishe kitu kimoja tu na wasubiri wiki mbili. Watu walizichukia sana hizo wiki mbili, lakini Madame alishikilia kwamba aliyebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, hata akifaulu, hajui amefaulu kwa nini.

Huyo huyo mhubiri wa subira hakuweza kungoja chungu kichemke. Alifunua mfuniko kila baada ya dakika moja, akalaumu makaa, akalaumu chungu. Aliyetufundisha kupima hadi tone la mwisho alitia chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa kukunja kiganja na kuomba Mungu, na sombe yake, naomba anisamehe, ililika siku moja kati ya tatu. Aliogopa sindano kama mtoto mdogo. Aliwahi kukaa na jino bovu kuanzia mvua za kwanza hadi kiangazi, akitafuna upande mmoja, akiwaeleza watu kemia ya kuoza kwa meno.

Mbolea aliichanganya mwenyewe. Salpeta, chumvi yenye naitrojeni, aliiagiza Lubumbashi, chumvi ya haluli aliinunua famasi kule ambako wengine huinunua kwa kusafisha tumbo, na unga wa madini ya chuma aliletewa na mtu wa bustani. Aliviyeyusha katika maji yaliyochemshwa yakapoa, akavimimina katika chupa ya pembe nne iliyowahi kuwa ya wiski, ingawa yeye hajapata kuonja hata bia. Ndani mlikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Mchungaji alipoiona kwenye rafu aliweka chai chini asiiguse, hadi Madame alipomdondoshea matone mawili kiganjani anuse. Baada ya hapo alibandika karatasi iliyoandikwa MBOLEA kwa wino mwekundu, na mchungaji akamaliza chai yake.

Alipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita tano Jumatatu, tano Alhamisi. Jumamosi alitoa nusu ya maji na kutia mapya, yaliyolala kwenye ndoo ili klorini itoke. Kila alichotia alikiandika katika daftari: tarehe, kiasi, saa za taa, na mwisho wa mstari safu yenye kichwa "aliyepima", ambamo alitia sahihi yake kana kwamba mkaguzi anakuja kesho. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu shuleni. Kazi ya maabara ikifanywa na watu wawili, inasainiwa na wawili. Aliyesaidia bila kusaini ameiba, alisema, na aliyesaidiwa bila kusema ameiba pia. Mimi niliyeishi kwa kusaidiwa niliiona sheria hiyo kuwa ya kikatili.

Sasa nieleze habari za jiwe, kwa sababu yeye mwenyewe hupenda zielezwe. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, mtu mzima sasa, anachimba Musonoi. Siku moja alimletea zawadi ya malakiti kubwa kama ngumi mbili, iliyosuguliwa ikang'aa, yenye mizunguko ya kijani ndani ya kijani. Kwetu Katanga mtu anakua akiiona malakiti kila mahali, kwenye mikufu, kwenye visahani vya majivu, kwenye tembo wa kuchonga juu ya kabati la baba. Ni jiwe la nyumbani, na hatulifikirii. Madame alikuwa ameeleza ubaoni miaka mingapi sijui kwamba malakiti ni shaba, na kwamba shaba ikiingia majini huua mwani na konokono kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akalichukua jiwe lile, akaliosha vizuri, akaliweka chini ya yungiyungi kwa sababu lilipendeza pale.

Wiki ya pili mwani ulitoweka. Kioo kilitakata hadi tukaona ukuta wa nyuma. Madame alituita majirani, akatupa soda, akasema kwamba hatimaye amepata uwiano kamili. Siku tatu baadaye konokono wa humo wakaanza kudondoka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, na kingo za yungiyungi zikawa kahawia. Kwa konokono wa tatu alielewa. Alikaa kwenye kiti, akanitazama, akasema ni shaba, ni mimi. Kwa siku nne mfululizo tulitoa maji kwa ndoo na kutia mengine. Jiwe lilianikwa juani, na tangu hapo linazuia mlango wa jikoni usijifunge. Katika daftari aliandika kwa wino mwekundu maneno matatu, "Kosa. Shaba. Mimi.", akatia sahihi, na kila mgeni mpya alifunguliwa ukurasa huo ausome. Ingekuwa mimi, ningesema jiwe lilianguka lenyewe.

Urafiki wetu wa utu uzima ulianzia kwenye taa. Umeme wetu unakuja na kwenda upendavyo, na Madame, ili kufidia saa za giza, aliiacha taa iwake muda wote umeme ulipokuwepo. Majani hayakufaidika, mwani ndio uliosherehekea. Nilimfungia betri ya jua na kifaa cha kuwasha na kuzima, saa nane kwa siku, hata mji mzima ukiwa gizani. Alisimama nyuma yangu muda wote akiniuliza maswali, na kwa mara ya kwanza maishani yalikuwa maswali ambayo nilijua majibu yake. Nilipomaliza alisema kazi ni safi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu maneno hayo mara mbili.

Ana binti mmoja tu, anayefanya kazi ofisini Lubumbashi. Kila Pasaka binti alikuja na ombi lile lile: mama ahame, mama asikae peke yake, mama amezeeka. Mwaka mmoja Madame alichoka na mabishano akampa mtihani. Alimwambia siku atakapokuta maji ya akwariamu ni ya kijani, ajue mama yake hawezi tena kujitunza. Amfungie mizigo, naye atapanda gari bila neno. Binti alikubali, maana naye alikuwa mwanafunzi wake na alijua kwamba Madame hageuzi kauli. Tangu siku hiyo kila alipofika alikwenda kwanza kwenye kioo, mkoba ukiwa bado begani, ndipo akasalimia.

Kisha macho ya Madame yakaanza kuingia ukungu. Ilikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili, na alituficha kwa ustadi. Nyumba yake aliitembea kwa kumbukumbu. Watu aliwatambua kwa hatua zao kabla hawajabisha. Mimi niligundua Jumatatu moja nilipopita kuangalia betri: alivuta mbolea kwenye bomba, akapita mstari wa tano, akapita wa kumi, akamimina, halafu akaandika tano. Daftari lilikuwa karibu kugusa pua. Nilitazama kioo vizuri na nikaona vumbi la kijani limeanza pembeni, na nywele za mwani kwenye ncha za majani. Pasaka ilikuwa imebaki wiki sita.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Alipokwenda kwaya, nami nina ufunguo wa nyumba kwa ajili ya betri, niliingia, nikamimina nusu ya chupa ya mbolea katika mtungi wangu, nikajaza nafasi yake kwa maji yaliyochemshwa. Siku zilizofuata, yeye akiwa jikoni anafunua chungu, mimi nilikuwa sebuleni nakwangua kioo kwa kadi ya zamani ya simu. Mtu atauliza kwa nini sikumwambia tu. Kwa sababu nilimjua. Angeandika kwa wino mwekundu na angempigia bintiye simu siku ile ile. Na niseme ukweli wote: sikutaka jirani mwingine. Mama yangu alikufa zamani, na duniani alibaki mtu mmoja tu aliyekumbuka alama zangu. Nilimpenda, na niliogopa.

Pasaka binti aliingia, akasimama mbele ya kioo, akainama, akazunguka upande wa pili. Maji yalikuwa safi. "Bon," alisema, akaweka mkoba chini, akamkumbatia mama yake. Mimi nilikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, nikajifanya nakaza bawaba.

Baada ya hapo mwaka ulikwenda kwa namna ambayo sikuielewa. Majani yalidhoofika kidogo, yakapona. Mwani ulirudi kidogo, nami nikaongeza maji kwenye chupa. Wiki kadhaa baadaye ulirudi tena, nikaongeza tena. Niliona pia kwamba chupa inakwisha haraka kuliko zamani, nikadhani mkono wake unazidi kupotea, nikatia maji mengine. Sikupima wala sikuandika popote. Na katikati ya fujo hiyo akwariamu ilinawiri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Majani ya utepe yalifika juu ya maji yakajikunja, samaki walizaa, na siku moja shina la yungiyungi likapanda likiwa na tumba.

Ua lilifunguka asubuhi ya Jumapili. Madame alikuwa amelipapasa tumba kwa kidole siku nzima iliyotangulia, kwa hiyo alijua. Aliniita juu ya ukuta, nikaenda nikiwa na suruali ya kanisani. Alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na maji.

"Iko rangi gani?" aliuliza.

"Nyeupe, Madame."

"Nyeupe ya bunga, ama nyeupe ya maziwa?"

Unga au maziwa, nilitazama kwa bidii yangu yote. Nikamwambia ni nyeupe tu.

"Quatre-sur-vingt," alisema, lakini taratibu, kisha akakaa kwenye kiti. "Mi siko naona. Iko miaka mbili siko naona muzuri."

Nilimwambia najua. Hakuuliza nimejuaje. Alikaa hivyo mpaka kengele ya pili ya kanisa, na kesho yake, yule yule aliyeogopa sindano ya jino, alimpigia bintiye simu kumwomba amtafutie daktari wa macho. Binti alikuja kumchukua. Alitazama kioo, alitazama ua, hakuwa na hoja ya kuhamisha mtu. Walikubaliana wiki tatu, operesheni jicho moja kisha la pili, halafu mama anarudi kwake.

Kabla ya kuondoka aliniachia maagizo: taa ipunguzwe iwe saa sita, maji yabadilishwe Jumamosi, mbolea nisitie hata tone, majani yanaweza kufunga wiki tatu. Nilimshukuru Mungu kwa agizo hilo la mwisho. Nilitaka kuirudisha chupa kama ilivyokuwa, ila sikujua kipimo, na ule mtungi niliouficha, mke wangu alikuwa ameshatumia mbolea yake kumwagilia nyanya. Nyanya zilipendeza sana mwaka ule. Kwa hiyo chupa ilibaki ilivyo, na mimi nililala vibaya nikihesabu siku. Macho mapya yangeona rangi ya mbolea ilivyofifia. Akijua, angeuliza, nikijibu, angepiga simu Lubumbashi, kwa sababu mtihani alioufaulu ulikuwa umefanywa na mtu mwingine.

Alirudi Jumamosi asubuhi, amevaa miwani myeusi. Aliingia, akaivua, akanitazama mimi kwanza.

"Uko na mvi," alisema.

Nilikubali. Alitazama pazia, akasema ni chafu. Alitazama mikono yake mwenyewe, pande zote mbili, akatikisa kichwa. Kisha akaenda kwenye kioo, akapitisha macho jani kwa jani. Ua la kwanza lilikuwa limezama, lakini la pili lilikuwa wazi. "Ya maziwa," alisema. Nilifikiri labda leo itapita. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua chupa ya pembe nne, akaipeleka dirishani. Ilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai.

"Nani alitia mayi mu hii chupa?"

Ningeweza kusema unga ulichuja wenyewe. Uongo huo nilikuwa nimeuandaa wiki tatu nzima. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na jiwe la malakiti lilikuwa pale chini limeuzuia.

"Ni mi, Madame," nilisema. "Ulikuwa unapitisha mustari. Niliogopa batakupeleka Lubumbashi."

Akauliza mara ngapi. Nikasema sikuhesabu. Akasema ilinipasa kuhesabu. Kisha aliigeuza chupa mkononi, na uso wake ukawa ule wa siku ya kurudisha karatasi. Nilielewa nilichomfanyia. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba ameitunza bustani yake bila macho, peke yake, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya hilo kwa kupenda kwangu. Niliona aibu kuliko ya darasani.

Aliweka chupa mezani, akaenda kabatini, akarudi na kile kikombe kilichovunjika mshikio. Alikiweka kando ya chupa. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba baada ya Pasaka vidole vyake viliyakuta majani yamelegea, ya chini yana matundu, na hiyo ni njaa. Akadhani unga umeingia unyevu ukapoteza nguvu. Bomba la sindano halikumfaa tena, maana mistari haikuonekana, naye aliona haya kuniomba nimsomee. Basi akaanza kutumia kikombe, kidole kikiwa ndani kama mtu asiyeona anavyomimina chai. Kwanza kina cha nusu ukucha, kisha ukucha mzima, na majani yakirudi kulegea, ukucha na kidogo. Alifanya hivyo alfajiri, kabla sijaamka.

"Na mu daftari niliandika tano," alisema. "Kila mara, tano. Mi mwalimu."

Tuliitazama chupa na kikombe. Mimi nilitia maji, yeye akaongeza mbolea. Nikaongeza maji, naye akaongeza mbolea. Tulikuwa wapishi wawili wa chungu kimoja, mmoja anatia chumvi akiwa peke yake, mwingine anatia maji akiwa peke yake, na mboga ikatoka sawa. Alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka akishika ukingo wa meza, akajifuta macho kwa uangalifu kama daktari alivyomwagiza, akaniambia nisimchekeshe.

Hata hivyo simu aliipiga, sikukosea. Aliiweka mezani ili nisikie, akamweleza bintiye yote, tangu bomba hadi kikombe, yangu na yake, hakuacha hata nyanya za mke wangu, ambazo habari zake nilikuwa nimemwambia muda mfupi tu uliopita. Mwisho alisema yeye aliweka mtihani, na sasa mwenye kusahihisha aamue. Mimi nilishika kiti.

"Mama," binti alisema, "mayi iko namna gani?"

"Iko claire, safi."

"Ilikuwa kijani siku moja?"

"Hapana."

"Basi baki kwako."

Madame alizima simu. Alichukua daftari na kalamu nyekundu, akakaa, akafungua hadi Jumatatu ile ya wiki sita kabla ya Pasaka niliyomtajia. Alisoma mistari yake mwenyewe iliyopanda na kushuka kama njia ya mbuzi, akaikata ile tano ya kwanza baada ya Pasaka, juu yake akaandika "kikombe", na akaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akarudi mwanzo, akanisogezea daftari na kuweka kidole kando ya sahihi yake, katika safu ya aliyepima.

"Kumbe tulikuwa babili," alisema. "Saini. Jina yote."

Nilisaini. Nilisaini Jumatatu na Alhamisi, mwezi baada ya mwezi, na yeye aliifuata kalamu yangu kwa macho yake mapya, bila miwani, bila kuinamisha pua. Chai ilipoa. Kwenye ukurasa wa saba alinigonga mkono kwa kidole, akanionyesha kwamba hapo nimetoka nje ya mstari, na nikasaini upya.